Mtungi wa kuzamia uliotumika: upi wa kuchukua, upi wa kuacha

Mtungi wangu wa kwanza niliununua kwa macho. Rangi ya manjano inang'aa, kitako cha plastiki kipya, muuzaji mcheshi. Mkaguzi alipotoa vali na kuuinamisha, yakamwagika maji ya rangi ya chai, yakifuatwa na magamba ya kutu. Alikataa kuupitisha, na nilimshukuru baadaye: mtungi wa chuma ukilala miaka na maji ndani, kutu hula oksijeni ya hewa iliyobaki. Ukiivuta hewa hiyo waweza kuzimia chini ya maji bila kusikia harufu yoyote.

Kwa hiyo soma bega la mtungi kwanza, rangi baadaye. Pale chini ya vali pamegongwa namba ya mtungi, presha ya kazi na tarehe. Tarehe kongwe ndiyo ya kutengenezwa. Zinazofuata ni za kupimwa kwa presha ya maji. Marekani na Uingereza kipimo hicho ni kila miaka 5, Australia kila mwaka. Muda ukipita, kituo makini cha kujazia hewa hakikujazii, hata kama mtungi hauna kasoro. Bei ya mtungi uliotumika hupimwa hapo.

1. Alumini ya lita 11, presha ya bar 207

Ndiyo ile wazamiaji huiita 80, yaani takriban futi za ujazo 80 za hewa, na huenda ndiyo uliyojifunzia. Haishiki kutu nyekundu, ni rahisi kuipata, na hakuna kituo kisichoijua. Ubaya wake ni kwamba hewa ikikaribia kuisha huanza kuelea, kama kilo 2 hivi za kukuvuta juu, nawe unatakiwa utulie unaposimama mara ya mwisho kabla ya kupanda juu ya maji. Dawa ni kuongeza risasi (vipande vizito vya kukuzamisha) kiunoni. Mimi ningechukua uliobakiza angalau miaka miwili ya kipimo, hata kwa bei ya juu kidogo.

2. Chuma cha lita 10 au 12, bar 232

Huu hauelei hata ukiisha, kwa hiyo unabeba risasi kidogo zaidi. Ukitunzwa unadumu miongo. Tatizo ni kutu tu, na kutu hupenda kujificha: mwambie muuzaji avue kitako cha plastiki mbele yako, maana maji ya chumvi hukaa humo. Kutu ya juu juu inayofutika isikutishe. Pitisha ukucha, ukizama kwenye vishimo, rudisha.

3. Wowote uliopitwa na kipimo

Unaweza kuwa biashara nzuri au kopo la kutupa. Toa kwenye bei gharama ya kipimo, ukaguzi na kufanyia vali huduma, halafu pendekeza ulipe baada ya kufaulu. Muuzaji anayeujua mtungi wake hukubali. Anayeng'ang'ania ulipe leo ameshakujibu.

Usiyoigusa

Mitungi ya alumini ya aloi (mchanganyiko wa metali) namba 6351 hupata nyufa shingoni polepole, hata ikiwa imekaa tu na hewa. Watengenezaji wa mitungi Luxfer waliiacha aloi hiyo nchini Marekani mwaka 1988 wakahamia 6061, na vituo vingi havitaki kuijaza ya zamani. Ya alumini iliyopakwa rangi ya kuoka kwenye tanuri nayo iache, kwa sababu joto huidhoofisha alumini. Na rangi ikiwa imefunika maandishi ya begani, sahau.

Vali nayo ina mitego miwili. Kwanza, jaribu kama regyuleta yako (kifaa cha kuvutia hewa) inaingia: kuna ya kubana kwa nje na kuna DIN ya kufunga kwa uzi kama wa skrubu. Pili, usibadilishe vali mwenyewe. Vali ya uzi wa M25 (milimita 25) inaweza kuingia kwenye mtungi wa uzi wa robo tatu ya inchi, ikaonekana imekaa sawa, kisha ikafyatuka presha ikipanda.

Siku ya kuuchukua, fungua vali kidogo usikilize. Ikipuliza, vizuri, kwani hewa kidogo iliyobaki huzuia unyevu kuingia. Lakini hata hiyo usiivute, imwage. Ikiwa kimya kabisa, mtungi usijazwe kabla haujafunguliwa na kumulikwa ndani.