Nililipa laki mbili na nusu kwenye kozi ya gemu, swali langu moja tu mwalimu akagoma kulijibu

Niseme mapema kabisa, naandika hii nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya leo, ni ya mwaka juzi kama sikosei, ila wiki hii mpwa wangu kaiamsha upya kwa hiyo bora niitoe tu. Nilisoma kozi ya kutengeneza gemu za kompyuta hapa hapa Dar, Jumamosi kwa Jumamosi, kama miezi mitatu hivi, ghorofani, ngazi zenyewe giza. Nililipa laki mbili na nusu kwa awamu mbili. Jina la sehemu silitaji, waliopita pale watapajua wenyewe. Nyota moja.

Mimi kompyuta si kazi yangu. Nipo duka la vifaa vya ujenzi, mchana nahesabu nondo na mifuko ya saruji, usiku nikishakula ndo nafungua laptopu, ya mkononi, nilinunua kwa mtu, chaji haikai. Nilianza mwenyewe na Scratch, ile programu ya chuo cha MIT cha Marekani, ya kupachika vipande vya rangi kama matofali, nikamfanya paka atembee, agonge ukuta, ageuke arudi, na wallahi usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Yaani kitu hakikuwepo, umekaa chini umekifikiria, sasa kipo na kinatembea. Nikataka zaidi, nikahamia Python, lugha ya kuandikia programu, na Pygame, nyongeza yake ya kutengenezea gemu, nikakwama, ndo nikaenda kulipa hela ya watu wanifundishe.

Na ili nisimwonee mtu, walifundisha. Kuna Jumamosi moja siisahau, tulitengeneza gemu ya nyoka, ile ambayo wengi tuliijulia kwenye simu za Nokia, ilianza kwenye 6110 mwaka 1997. Siku zote nilikuwa nawaza yule nyoka mzima mzima anapindaje kona bila kukatika. Mwalimu akachora ubaoni vijisanduku, akasema nyoka hatembei, kila hatua unamwongezea kisanduku kimoja mbele kiwe kichwa na unafuta kimoja cha mwisho mkiani, basi, jicho linaona anatembea. Akila chakula, ile hatua mkia huufuti, ndo maana anarefuka. Akikuta kichwa kimeangukia kisanduku ambacho tayari kimo kwenye orodha yake, kajigonga. Nilikaa pale mdomo wazi. Nilipanda daladala nikiwa bado nawaza visanduku, nikapitiliza kituo. Kwa hiyo ule ujuzi wa kufundisha anao, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba anao.

Sasa siku ya mwisho. Tuliambiwa kila mtu aje na gemu yake na alete ndugu waone. Nilikwenda na mpwa wangu, wakati ule yuko darasa la tatu, maana gemu ilikuwa yetu wawili. Maembe yanadondoka kutoka juu, wewe una kapu chini unalisogeza kulia na kushoto kwa kibodi, ukikosa matatu gemu imeisha. Picha ya embe alichora yeye kwenye Paint, alihangaika nayo siku nzima, embe la kijani lenye shavu jekundu upande mmoja na kikonyo chenye jani. Kapu pia kachora yeye. Gemu tuliicheza nyumbani mpaka bibi yake akawa anauliza kafikisha ngapi.

Pale wakasema laptopu za wanafunzi hazishiki na projekta, wekeni kwenye flashi, mtaonyeshea mashine ya mwalimu. Mashine yenyewe mpya, nzito, ina mataa. Nikachomeka flashi, nikabonyeza. Kioo kikatoa kama mmweko hivi, kitu chekundu na kijani kikapita, halafu MCHEZO UMEISHA. Nikabonyeza tena. MCHEZO UMEISHA. Mara ya tatu nimeweka kidole kabisa kwenye mshale wa kulia, kabla hata sijakandamiza, MCHEZO UMEISHA. Watu wameanza kucheka. Sio wote, lakini wale wa nyuma walicheka.

Nikamwambia, mwalimu samahani, hii kwangu inaenda vizuri tu, kwa nini hapa inakimbia hivi?

Akasema, na alikuwa anaangalia simu yake wakati anasema, "Kaka, gemu ni mbovu hiyo. Anayefuata."

Nikarudia, kwa adabu, naomba tu kujua kosa liko wapi nikarekebishe nyumbani. Akainua macho akasema, "Kwako ni kwako. Kazini haiwi kwako." Watu wakacheka zaidi, mimi nikachomoa flashi. Tumeshuka zile ngazi, mpwa wangu kanishika mkono, tumefika chini ndo akasema, "Mjomba, maembe yangu hawajayaona."

Nilikaa kama mwezi bila kufungua laptopu. Cheti sikwenda kukichukua.

Sasa nieleze kosa lilikuwa nini, maana lilikuwa la kuelezwa kwa dakika mbili, na nina hakika kuna mtu anasoma hapa naye limemkuta na anadhani ana akili nzito. Kila gemu ina lupu, inazunguka, kila mzunguko inasoma kibodi, inasogeza vitu, inachora upya. Mimi niliandika kwamba kila mzunguko embe lishuke pikseli 4, vile vinukta vidogo vya kwenye kioo. Laptopu yangu ni mzee, inazunguka kama mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo embe linashuka pikseli 200 kwa sekunde, na dirisha langu lina urefu wa pikseli 600, basi ni sekunde tatu kutoka juu mpaka kapuni, muda mzuri kabisa. Baadaye nilikuja kuijaribu kwenye mashine mpya ya jamaa yangu, nikaiambia ihesabu mizunguko, ikapita 600 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Pikseli 2,400 kwa sekunde, embe linafika chini kwa robo sekunde, maembe matatu hata sekunde nzima haiishi. Yaani gemu haikuwa mbovu, ilikuwa inafuata mwendo wa mashine badala ya kufuata saa.

Dawa yake ni kwamba husemi embe lishuke pikseli ngapi kwa mzunguko, unasema lishuke ngapi kwa sekunde, halafu kila mzunguko unaiuliza saa umepita muda gani tangu mzunguko uliopita, unazidisha. Basi. Mashine iwe ya babu au ya mtoto wa waziri, embe linatumia sekunde tatu zile zile. Huo muda mdogo wa katikati wenzetu wanauita delta. Kwenye Pygame ni mstari mmoja, unaiambia saa yake itike mara 60 kwa sekunde, inakurudishia milisekunde zilizopita, unagawa kwa 1,000 upate sekunde. Mstari mmoja! Nimeenda mpaka pale na nauli mbili kila Jumamosi, nimelipa, nimeleta mtoto, na mstari mmoja nimenyimwa.

Na kinachozidi kunichoma ni kwamba hili kosa ni la kihistoria kabisa, mwalimu yeyote wa gemu analijua. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 prosesa yake ilikuwa megahezi 4.77, watu wakaandika gemu kwa kufuata mwendo ule, zilipokuja mashine zenye kasi zaidi gemu zikawa zinakimbia kama yangu ilivyokimbia, ndo maana kompyuta nyingi za zamani zilikuwa na kile kitufe kimeandikwa Turbo, ulikuwa unaweza kukitumia kuipunguza mashine kasi ili gemu ya zamani ichezeke. Walitengeneza kitufe cha chuma na plastiki kwa ajili ya kosa langu! Halafu Space Invaders, gemu ya kuwapiga wavamizi kutoka angani, ya Mjapani Tomohiro Nishikado, mwaka 1978. Wale wavamizi wako 55, mashine yake ilikuwa inaelemewa kuwachora wote, kila ukiua mmoja kazi inapungua, waliobaki wanaenda kasi, mpaka wa mwisho anakimbia kama kachomwa. Nishikado akaona hii inanoga, akaiacha hivyo hivyo, ikawa ndo utamu wa gemu yenyewe. Mtu angeniambia hayo siku ile mbele ya wale wa nyuma waliokuwa wanacheka ningeshuka zile ngazi kichwa juu. Na mpwa wangu angejua mjomba wake kakosea kosa la watu wakubwa.

Haya, niliyajua wapi, niliyajua mwenyewe baada ya kuishusha Godot, programu ya kutengenezea gemu. Hii naipa nyota zote, tano, na kama kungekuwa na ya sita ningeiongeza. Ilianzia Argentina kwa jamaa wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, tangu 2014 iko wazi kwa kila mtu, bure, haikuombi kadi ya benki wala kujisajili, na laptopu yangu mzee imeibeba bila kulalamika ilimradi uchague ule uchoraji mwepesi. Sasa siku ya kwanza tu, naandika kipande cha kusogeza embe, naona sehemu ya kuandikia imekuja tayari na neno delta ndani ya mabano. Nikajiuliza hili delta ni mdudu gani. Nikatafuta, nikasoma, nikaanza kutetemeka, nikasimama kabisa. Ilikuwa saa saba usiku. Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie.

Usiku ule ule nikarekebisha gemu. Si kwamba mambo yaliisha, baada ya hapo embe likawa kuna wakati linapita katikati ya kapu bila kuguswa, kama jini. Hilo nilipambana nalo karibu wiki mbili, kumbe laptopu ikikwama hata nukta kidogo delta inakuwa kubwa, embe linaruka hatua ndefu, mzunguko huu liko juu ya kapu, mzunguko unaofuata liko chini yake, katikati hakuna aliyeliona. Nikaiwekea delta kikomo, isizidi kiasi fulani, likaisha. Lakini hili nililitafuta kwa raha, nikinywa chai, kwa sababu nilishajua kwamba gemu ikifanya maajabu kuna sababu, na sababu inatafutika.

Nirudi kwenye kozi. Nimesema nyota moja, nikisoma hapa juu naona nimezidisha kidogo. Yule dada wa mapokezi ni mtu wa maana sana, awamu ya pili ya ada nilichelewa wiki tatu na hakunidai mbele ya watu, alinivuta pembeni akaniuliza kama niko sawa. Umeme ukikatika jenereta inawaka, hampotezi kipindi. Na yale masomo ya orodha na lupu, bila yale hata Godot nisingeielewa, naikumbuka ile Jumamosi ya nyoka mpaka leo. Basi nyota tatu. Ndio, tatu ni haki.

Hapana. Nimekaa kidogo nimeisoma tena ile sehemu ya ngazi. Tatu hapana. Mtu anayejua kuchora nyoka ubaoni vile hawezi kuniambia hakujua kwa nini maembe yalikimbia, alijua, sekunde ile ile alijua, ila aliona simu yake ina maana kuliko mimi na mtoto niliyekuja naye. Nyota mbili, na zote mbili ni za dada wa mapokezi.

Sasa kilichoniamsha ni hiki. Mpwa wangu yuko darasa la tano. Juzi kakaa kwenye laptopu yangu, kafungua ile gemu ya maembe, kaongeza nyuki, nyuki akigonga kapu embe moja linatoka. Kafanya peke yake, nilikuwa dukani. Kakosea vitu, nyuki anatoka nje ya dirisha harudi, lakini kwenye mwendo wa nyuki kazidisha na delta, nimeiona kwa macho yangu. Halafu ananiuliza, mjomba, ile shule uliyonipeleka siku ile, wanachukua watoto? Anataka kwenda likizo hii. Nimemwambia subiri niulizie.

Kwa hiyo naulizia. Kama kuna mtu kasoma pale siku za karibuni, anajua ninaposema, naomba aniambie kama yule mwalimu bado yupo, na kama mtoto akinyoosha mkono anajibiwa.