Gavana asipofikisha nusu ya kura: Vermont na Georgia

Georgia, jimbo la Marekani, inarudi kwa wananchi. Gavana anayetetea kiti akikosa zaidi ya nusu, wawili wa kwanza wanakutana duru ya pili siku 28 baadaye. Kazi ni kuwarudisha watu vituoni. Gavana Brian Kemp aliikwepa duru hiyo 2022.

Vermont, jimbo jingine la Marekani ambako muhula ni miaka 2 tu, ni kitendawili. Bunge la jimbo, wajumbe 180, huchagua kwa kura ya siri miongoni mwa watatu wa kwanza. Mwaka 2014 gavana Peter Shumlin alimzidi mpinzani wake Scott Milne kwa kura 2,434 tu, na mgombea wa tatu akawanyima wote nusu. Januari 2015 Bunge likampa Shumlin 110 kwa 69. Kikatiba, lingeweza kumpa Milne. Mkenya atashangaa: kwake gavana hushinda hata kwa kura moja.