Gundi ya mirija miwili ilinivua nguo kwa simtanki

Ugomvi wangu si na gundi, ni na aliyeniuzia. Au na gundi pia, sijui, bado nina hasira.

Simtanki langu lilipata ufa karibu na koki, katikati ya kipupwe, na huku Uyole, Mbeya, maji ya bomba yanakuja yakijisikia. Nikashuka Mwanjelwa, nikamwambia kijana wa duka la vifaa vya ujenzi: nataka gundi ya simtanki. Nilitamka hivyo hivyo, simtanki. Akanipa epoksi ya mirija miwili. "Mama, hii inashika kila kitu."

Nikamwaga maji yote, nikakausha, nikapiga msasa, nikafuta kwa spiriti. Mirija nikaiweka kwanza karibu na jiko, maana baridi yetu inaifanya nzito na kukauka kwake kunachelewa. Nikakamua sawa kwa sawa juu ya kifuniko cha kopo la rangi, nikakoroga kwa kijiti mpaka rangi ikawa moja. Nikaiacha siku mbili.

Nikaingiza ukucha pembeni. Ikabanduka yote kama gamba la kidonda kilichopona: ngumu, inang'aa, chini ina mistari yote ya msasa wangu. Kukauka imekauka. Kushika ndiyo haikushika.

Nikarudi nayo dukani. Hata kuitazama hakuitazama. "Gundi haina kosa, mama, labda mkono." Mbele ya mafundi watatu! Wakacheka. Mimi ninayekula kwa mkono huu, fundi cherehani, naambiwa mkono.

Mmoja wa wale waliocheka akanifuata nje. Kumbe simtanki ni poliethilini, plastiki yenye utelezi kama nta, epoksi haipati pa kung'ang'ania. Ndoo na madumu vivyo hivyo. Dawa yake ni kuchomelea kwa moto na kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo. Akaja akachomelea, halivuji tena. Epoksi, akasema, ipelekee chuma, zege, mbao. Sasa yule kijana maneno hayo yangempunguzia nini?

Kile kijiti cha kukorogea kilikuwa kimegandia kwenye kifuniko. Nilipokivuta kikavunjika chenyewe, gundi imetulia. Nikapata wazo: gundi iliyobaki kwenye mirija nikaungia pedeli ya cherehani iliyokatika, chuma kwa chuma, na mpaka leo naikanyaga kutwa nzima. Kwa hiyo gundi yenyewe, haki ya Mungu, ni nzuri. Nyota nne.

Ila pakiti ninayo hapa mkononi, na wamechora ndoo. Ndoo! Mbili.