Nilivyopima oil ya Hilux kabla ya kukubali kushusha injini

Hilux yangu ni ile ya injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo, na kazi yake ni kutoa zabibu mashambani Hombolo kuzileta Dodoma mjini. Mwaka jana ikaanza kula oil, nusu lita kila kilomita 1,000. Fundi akachomoa dipstiki, akasugua oil kwenye vidole, akainusa. "Bosi, hii ishachoka. Nyeusi tii! Tushushe injini."

Sasa weusi si ushahidi. Oil ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache tu kwa sababu ya masizi, hata kwenye injini nzima. Lakini kula oil kulikuwa kweli, na hesabu ya oveholi aliyonipigia ilinikosesha usingizi. Nikampigia shemeji yangu anayeshughulika na mitambo mgodini. Akacheka: "Shemeji, huku kwetu hatufungui injini bila kupima oil maabara kwanza."

Ndivyo nilivyoifikia maabara moja ya Dar es Salaam. Kipimo kimoja kilinigharimu karibu sawa na galoni la lita tano la oil nzuri, ukijumlisha na nauli ya kifurushi kwenye basi. Sampuli huchukuliwa injini ikiwa ya moto, ukiwa unamwaga: acha oil ya mwanzo ipite, kinga ya katikati kwenye chupa safi. Hapo nilifanya vizuri. Nilikosea kwenye fomu. Kilomita za oil sikujaza, wala sikuandika kwamba nilikuwa nimeongeza lita mbili na nusu njiani.

Majibu yalikuja kwa WhatsApp siku ya sita, mistari kadhaa ikiwa myekundu, na chini yake maneno: uchakavu usio wa kawaida, injini ichunguzwe. Moyo ulinishuka. Fundi alipoona wekundu akaanza kutafuta winchi.

Nikakaa na ile karatasi usiku mzima. Vipimo ni vya chembe zilizomo kwenye oil, kwa sehemu katika milioni. Chuma 71, alumini 19, kromi 6, silikoni 47. Risasi 5, shaba 9, bati 1. Sodiamu na potasiamu karibu na sifuri. Mnato, yaani uzito wa oil, kwenye nyuzi 100 ulikuwa 13.8, na oil ya 15W-40 inatakiwa iwe kati ya 12.5 na 16.3.

Ukisoma namba mojamoja utaogopa kila mstari. Zisome kwa makundi. Metali za krenki, yaani beringi inazozungukia, zina risasi, shaba na bati. Hizo zote ziko chini, kwa hiyo metali hazijaguswa. Maji ya rejeta yangeingia, sodiamu au potasiamu ingepanda kutokana na kulanti iliyomo kwenye maji hayo. Nozeli zingekuwa zinavuja dizeli kwenye oil, mnato ungeshuka. Kilichobaki ni silikoni kupanda pamoja na chuma cha silinda, kromi ya ringi na alumini ya pistoni. Silikoni ikipanda peke yake, huenda ni gundi ya gasketi iliyopakwa juzi. Ikipanda na wenzake hao watatu, ni mchanga. Hata sehemu ya ile alumini ni ya udongo wenyewe.

Anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane, upepo na lile vumbi jekundu, hatauliza limetoka wapi. Swali lilikuwa limepitia wapi, maana eya klina nilikuwa nimebadilisha. Tukakuta mpira unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uuvue. Ndani yake ulipopitisha kidole kilitoka na vumbi. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema tu, "Lete mpira mpya, bosi."

Sampuli ya pili niliipeleka baada ya kilomita 3,000, na safari hii fomu nilijaza yote. Chuma 27, silikoni 12, alumini 6, kromi 2. Usishangilie kabla ya kugawanya: oil ya kwanza ilitembea kilomita 5,000, kwa hiyo chuma kilikuwa 14.2 kwa kila kilomita 1,000. Sasa ni 9. Silikoni imetoka 9.4 hadi 4. Na zile namba za kwanza zilikuwa zimepunguzwa makali na oil mpya niliyokuwa naongeza. Injini inayokula oil huficha ugonjwa wake hivyo.

Oil bado inaliwa, kama robo lita kila kilomita 1,000. Ringi zilizolika hazirudi.

Huduma naipa nyota nne kati ya tano. Vipimo vimenyooka na hawachelewi. Nyota moja nimeikata kwa yale maneno ya kutisha waliyoandika bila hata kuniuliza kilomita. Kosa la fomu ni langu, lakini simu wangepiga.

Pia kipimo hiki huona chembe ndogo sana tu. Kipande cha chuma kinachoonekana kwa macho kinakipita. Kwa hiyo siku ya kumwaga oil tulikata filta kwa msumeno, tukakunjua karatasi yake juani. Masizi tu, hakuna kinachometameta. Winchi fundi alikuwa ameshairudisha kwa mwenyewe.