Kompyuta niliyoiunga mwenyewe Wete, na fundi wa Chake aliyeiwasha

Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Siku tatu nilikaa nayo hivyo nyumbani Wete, Pemba. Vifaa nilivinunua duka moja Dar es Salaam, vikaja kwa boti: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G, madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya B450, RAM (kumbukumbu) mbili za GB 8 na SSD ya kuhifadhia. Nilijaribu RAM moja moja, nikabadilisha waya wa HDMI, nikatoa betri ya madabodi nikairudisha. Wapi! Kitaa chekundu cha CPU, yaani prosesa, hakikuzimika, nami nikaamini nimeiunguza prosesa niliyoiwekea akiba miezi minane.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja Chake Chake. Nikapanda daladala, kasha nimelipakata.

Hakugusa bisibisi. Aliomba risiti kwanza, akaisoma, akasema: "Maalim, hujaunguza kitu. Prosesa yako ni mpya kuliko bodi."

B450 zilitoka 2018, 5600G ikaja 2021. Soketi, pale prosesa inapokaa, ni ileile ya AM4, kwa hiyo prosesa inakaa vizuri kabisa, lakini bodi iliyolala stoo na BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) ya zamani haiitambui, na picha haitoki. Dawa yake ni kuweka kwanza prosesa ya zamani, kusasisha BIOS kwa flashi, halafu kuirudisha mpya. Yeye anayo Ryzen 3 2200G aliyoiweka kwa kazi hiyo tu.

Nilichompendea ni mkono wake. Kabla ya kuinua feni ya prosesa aliizungusha taratibu kushoto na kulia, maana prosesa za AM4 zina pini chini, na grisi ikishika, feni hung'oka na prosesa yake, pini zikapinda. Kisha akachomeka kompyuta kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme wa Pemba unatufikia kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ukikatika BIOS ikiwa katikati ya kuandikwa, bodi inaweza kufa. Dakika zile chache sikusema neno.

Picha ilipotoka, machozi yalinilenga.

Hakuishia hapo. Aliona nimezipanga RAM bega kwa bega, akazihamishia nafasi ya pili na ya nne, akaenda kwenye BIOS akawasha XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, ili zifikie kasi ya 3200 badala ya 2133 zilizokuwa zikitumia. Kwa 5600G jambo hili ni kubwa, kwa sababu sehemu ya picha iko ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake; inakopa RAM hiyohiyo. Video za masomo ninazohariri kwa wanafunzi wangu zinakwenda bila kukwama.

Alinitoza shilingi 30,000 kwa kazi ya saa mbili. Kibanda ni kidogo, joto kali, na simu hapokei akiwa kazini. Ukitaka kumpata nenda asubuhi. Lawama yangu iko kwa duka lililoniuzia bodi na prosesa kwa risiti moja bila kunitahadharisha. Nilipowapigia walisema nilitakiwa kuuliza. Muuzaji ndiye anayejua bodi imekaa kwake tangu lini.

Miezi miwili sasa kompyuta yangu haijajizima hata mara moja. Jumatatu nimempelekea na ile ya skuli, inayojizima kila ikipata moto. Bado iko kwake.