Glavu zipi ununue kama mikono haiishi kuwasha

Mtu akiona mikono inawasha baada ya kuvaa glavu, jambo la kwanza hulaumu mpira. Anaziacha, ananunua za nitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, anasubiri nafuu. Wapo wanaopona. Wapo pia ambao wiki chache baadaye mwasho uko palepale, nao huamua kwamba ngozi yao haitaki glavu ya aina yoyote. Inasikitisha, kwa sababu mara nyingi glavu inayowafaa ipo, ila walinunua kabla ya kujua kinachowasumbua.

Kwa hiyo angalia mkono kwanza, kisha ndiyo uangalie boksi.

Kama ndani ya dakika chache za kuvaa ngozi inaumuka vipele kama vya kuumwa na wadudu, pua inachuruzika, macho yanawasha au kifua kinabana, huo huenda ni mzio wa protini za mpira asilia, yaani utomvu wa mti wa Hevea brasiliensis. Mzio huu unaweza kufikia mtu kushindwa kupumua, hivyo usivae tena glavu ya mpira hata kwa kujaribu. Nenda kwa daktari, na umweleze pia kama ndizi, parachichi au kiwi hukuwasha mdomo. Vyakula hivyo vina protini zinazofanana na za mpira.

Mwasho ukichelewa, ukaja kesho yake au keshokutwa, mambo ni tofauti. Wekundu hukaa zaidi nyuma ya kiganja, na ukichunguza vizuri utaona umekatika kama mstari pale glavu inapoishia kwenye kifundo cha mkono. Hapo shuku viharakishi. Hizi ni kemikali zinazotiwa kiwandani ili mpira ukomae haraka ukipashwa moto: thiuramu, kabameti, merkaptobenzothiazoli na jamaa zake. Zimo kwenye glavu za mpira asilia, na baadhi yake zimo pia kwenye nitraili nyingi za kawaida. Ndiyo maana aliyehama kutoka mpira kwenda nitraili anaweza kuendelea kuwashwa vilevile.

La tatu ndilo linalowapata wengi zaidi, nalo si mzio kabisa. Ngozi inakauka, inapasuka, inachoma ikiguswa na sabuni, na mara nyingi huanzia katikati ya vidole au chini ya pete. Maji, sabuni na jasho lililofungiwa ndani ya glavu ndivyo vinavyoichosha.

Sasa glavu zenyewe, kuanzia inayofaa zaidi. Ya kwanza: nitraili isiyo na poda wala viharakishi. Ningeambiwa nichague moja tu kwa mtu anayevaa glavu za kutupa siku nzima, ningechagua hii. Haina protini za mpira asilia, na haina zile kemikali za mzio wa kuchelewa. Bei yake huwa juu kuliko nitraili ya kawaida, na kwa mikono inayouma kila siku naona inastahili. Soma boksi kwa makini, kwa sababu haya ni maswali mawili: la protini na la viharakishi. Maandishi yanayosema haina lateksi, yaani mpira asilia, yanajibu la kwanza tu. Lazima iandikwe pia kwamba haina viharakishi. Rangi haikuambii kitu, maana glavu za buluu zipo za mpira, za nitraili na hata za vinaili, ambayo ni aina ya plastiki. Na yale maneno ya jumla kwamba bidhaa ni rafiki kwa wenye mzio, yaruke. Marekani ilizuia maneno ya namna hiyo kwenye vifaa tiba vyenye mpira asilia kuanzia 1998, kwa kuwa yaliwapoteza watu wenye mzio wa protini.

Ya pili, na ya kwanza kwa kazi za maji: vinaili nene ya nyumbani ikiwa na glavu za pamba ndani. Kwa kuosha vyombo, kufua na kupiga deki, hii naiweka mbele ya glavu zote za kutupa. Vinaili kwa kawaida haihitaji viharakishi, na unene wake unastahimili sabuni na maji ya moto. Ila siri iko kwenye pamba. Nunua glavu nyembamba za pamba zinazovuliwa kando, si zile zenye manyoya yaliyogandishwa ndani ya glavu, ambayo yakishika jasho hayakauki upesi. Vua ya pamba baada ya kuosha masufuria uiguse upande wa kiganja: utaikuta ina unyevu, na unyevu huo ndio uliokuwa unailainisha ngozi yako mpaka ikapasuka. Kuwa na jozi kadhaa ili ubadilishe kila ikilowa. Maji yakiingia kwa juu, vua yote mara moja.

Ya tatu: nitraili ya kawaida. Inamtosha mwenye mzio wa protini za mpira, na huvumilia mafuta kuliko mpira asilia. Aliyeshagundulika na mzio wa viharakishi asiinunue.

Ya nne: vinaili nyembamba ya kutupa. Rahisi kupatikana, bei nafuu, lakini inapwaya na huvuja upesi. Itumie kwa kazi fupi zisizo na hatari. Usishikie vyakula vya mafuta, kwa sababu mafuta hunyonya vilainishi vya plastiki, yaani kemikali zinazoifanya iwe laini. Kwa kazi fupi za chakula, zile glavu nyepesi za polithini zinafaa zaidi.

Ya mwisho: mpira wenye poda. Sioni sababu ya mtu yeyote kuinunua. Poda, ambayo kwa kawaida ni wanga wa mahindi, hukausha ngozi na kubeba protini za mpira hewani hadi kwa mwenzako ambaye hajavaa glavu yoyote. Tangu Januari 2017 Marekani imepiga marufuku glavu zenye poda katika matumizi ya tiba.

Wanaobandika kucha na kuzipaka rangi niwasemeshe kando. Akrileti, kemikali zilizomo kwenye gundi na jeli za kucha, hupenya glavu nyembamba, hata ya nitraili, ndani ya dakika chache, na aliyepata mzio wake kwa kawaida hubaki nao maisha yote. Glavu ikidondokewa na akrileti, ivue hapo hapo. Kama kazi ni ya kila siku, tafuta glavu za plastiki ya matabaka, zivaliwe chini ya nitraili.

Mafuta ya mgando yapake usiku. Ukiyapaka kisha ukavaa glavu za mpira, mpira hulegea na kutoboka.

Ukibadilisha glavu na mwasho ukaendelea, mwone daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha viraka. Viraka vyenye kemikali zinazoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, ngozi husomwa vikibanduliwa, kisha husomwa tena siku moja au zaidi baadaye. Nenda na glavu zenyewe pamoja na boksi lake, kwa sababu kipande chake kinaweza kubandikwa pia. Ukishapata zinazokufaa, andika jina na namba ya bidhaa, na kila ununuapo boksi jipya soma maandishi upya, maana viwanda hubadilisha mchanganyiko huku muonekano wa boksi ukibaki uleule.