Floyd Rose Original: ubadilishe briji au uache?

Wapiga gita wa Kampala mnaniuliza sana kuhusu Floyd Rose Original, ile briji ya gita inayofunga nyuzi na yenye mkono wa tremolo wa kulegeza na kukaza sauti, sasa niseme. Kama gita yako ilikuja na ile briji ya leseni (nakala iliyotengenezwa na kampuni nyingine kwa ruhusa ya Floyd Rose) ya bei ya chini, na ukibonyeza mkono wa tremolo nyuzi hazirudi kwenye tyuni, kwanza chunguza. Toa nyuzi na springi za nyuma, ishike briji kwenye mwanga uangalie zile kingo mbili kali zinazokalia posti, zile skrubu mbili nene zilizoingia kwenye mbao ya gita. Za kwangu zilikuwa zimebonyea, ukipitisha ukucha unakwama kabisa, sasa hapo hata ufunge vipi nati, ile inayobana nyuzi juu ya shingo, uzi wa G unabaki chini kidogo. Kama kingo bado ni kali, shida inaweza kuwa nyuzi zimechoka tu, usimwage hela.

Mimi nimeweka Original, ile Schaller wanatengeneza Ujerumani, sadoli (vipande vinavyoshika nyuzi) za chuma kigumu na bloku ya chini ya briji ya brasi, na jamani noti inakaa, napiga kanisani nabonyeza mkono mpaka nyuzi zinalegea naachia na kodi (chord) inarudi palepale. Bei inauma, inaweza kupita gita yenyewe, halafu kuna ushuru ikifika Entebbe. Kabla ya kuagiza pima katikati ya posti hadi katikati ya posti, Original ni milimita 74.3, za leseni zingine ziko tofauti na kutoboa mbao upya ni balaa. Gita unaipenda na shingo iko sawa, nunua. Gita ya kujifunzia, iache hivyo, hela tafutia amplifaya nzuri.